Klachi ya Kumtoa Bibi Harusi

Lori la saruji liliponipita sikuona ubaya. Lori ni lori. Kilichonichoma ni vijana wa baiskeli walioning'inia nyuma yake, mkono mmoja kwenye chuma cha lori, mwingine kwenye usukani wa baiskeli, kama wafanyavyo siku zote kwenye mlima wa Bugarama ili kuokoa miguu yao. Mmoja wao alipofika usawa wa dirisha langu alivua kofia, akaniamkia kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nimekanyaga mafuta mpaka sakafuni. Gari langu lina silinda sita na turbo, injini ambayo Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya watu wenye haraka zao, na baiskeli zilikuwa zinanipita mlimani.

Kibaya zaidi, shangazi alikuwa ndani. Dada ya baba yangu, masenge kama tunavyomwita, alikaa kando yangu na mkoba wake mapajani, akinusa. Harufu ilikuwa imejaa ndani, ile ya nywele zilizounguzwa na chana cha moto.

"Iyi gari inalia sana lakini haiendi," akasema. "Iko kama mulevi anaapa kama ataenda ku nyumba."

Nilijua kilichokuwa kinatokea. Klachi ilikuwa imekwisha. Injini ilizunguka kwa nguvu zake zote, na magurudumu hayakupata hata nusu ya habari. Tulifika kwa wakwe zetu watarajiwa, kule juu kilimani, kwa mwendo wa maandamano ya msiba, na shangazi akashuka akijipepea kwa leso ili kila mtu pale uani aelewe alivyosafiri.

Tulikwenda kule kupanga harusi ya mdogo wangu wa kike. Mama alifariki yeye bado ananyonya kidole gumba, na tangu hapo nilimlea mimi: nilimsuka, nilimchapa, nilimsaidia hesabu mpaka hesabu zikanishinda. Gari nililinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kikongomani aliyekuwa akihama. Mimi nauza mapazia mjini, na watu walicheka sana kuona injini ya kukimbizana na upepo ikibeba marobota ya mapazia. Wacheke. Jumapili baada ya misa, mafuta yakiwepo, mimi na mdogo wangu tulikuwa tukienda nalo kwenye barabara iliyonyooka ya kuelekea Gatumba. Mimi nilikanyaga klachi, yeye akiwa kiti cha pembeni akabadilisha gia. Hatukuambiana neno. Alijua kwa kusikia injini, na mkono wake ulikuwa pale kabla mguu wangu haujafika chini. Watu walioona mchezo ule walisema tuna wazimu, na nafikiri walikuwa na haki.

Kwa hiyo alipochumbiwa, nilitangaza mbele ya ukoo wote kwamba bibi harusi atatoka kwa baba ndani ya gari langu. Shangazi alitaka gari jeupe la jipu, la kukodi. Alisema jipu lina heshima. Nikasema jipu la kukodi limebeba maharusi wa mji mzima, hata waliokwisha kuachana. Hapo tukapandishiana sauti, na baba, ambaye hapendi kelele, akatoka kwenda kumwagilia mchicha uliokwisha kumwagiliwa.

Baada ya aibu ya baiskeli, shangazi alinishika mkono pale pale uani kwa wakwe.

"Sikiliza vizuri. Bibi arusi anatokaka kwa baba yake pole pole. Gari inapita mu geti kama haitaki kwenda. Ikiruka, batu bote batasema mutoto alikuwa anakimbilia bwana. Na iyo maneno haitaisha."

"Masenge, itatoka kama jongoo."

"Na ku iyi mulima?"

"Itapanda kama mbuzi."

"Ikituletea aya, Siku ya Mosi unaiuza. Unanunua kagari ka batu ba kawaida."

Aya ni aibu, na Siku ya Mosi ni Jumatatu ya baada ya harusi. Nikampa mkono. Nina hasira za karibu, na mtu akiligusa gari langu hasira zinafika kabla ya akili. Ndivyo nilivyoliweka gari langu rehani. Na kusema kweli, katika yote aliyoniambia, nilichokwenda nacho nyumbani ni mlima tu.

Fundi wangu yuko Mutakura, ana kiwanja chenye ukuta wa mabati na redio isiyozimwa. Ni mtu wa Uvira, mcheshi, mpenda injini kuliko usingizi. Alilishusha sanduku la gia, akatoa disiki yangu ya klachi, akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Ilikuwa nyembamba, nyeusi, imepasuka.

"Ambreyaji iko mikono mbili," alinieleza. Huku ndivyo tunavyoiita klachi, kwa Kifaransa chetu. "Injini iko na mukono, gia iko na mukono. Bikishikana, gari inaenda. Yako, mama, imechoka kusalimiana."

Akatandika gunia chini, akanipangia klachi tatu za kuchagua. Ya kwanza mpya, katika sanduku lenye picha ya simba, bei ya kupendeza. Fundi aliigonga kwa ukucha. Hiyo, akasema, ni ya gari linalobeba mchungaji. Turbo yangu ikiamka, itateleza kabla ya Krismasi. Ya pili ilikuwa ya gari dogo la mizigo, imetumika kidogo, nene, ina springi za kulainisha katikati, na sahani yake ya kukandamiza ilikuwa nzito kuliko ya kwangu. Meno yake yalilingana na ya gari langu, kwa bahati au kwa sababu Wajapani hawapendi kuhangaika. Haikuwa na uzuri wowote. Ndiyo iliyomo ndani ya gari langu leo, lakini nisiitangulie hadithi.

Ya tatu ilikuwa kwenye kitambaa safi. Haikuwa na duara la kawaida; ilikuwa na vipande vya shaba vilivyopangwa kama maua ya alizeti yaliyonyofolewa. Ya mashindano. Kijana mmoja aliiagiza Dubai kwa ajili ya gari lake la ndoto, kisha viza ya Kanada ikatoka kabla ya gari kupatikana, na ndugu zake wakataka tu iondoke chini ya kitanda. Ilikuwa imezunguka gereji zote toka Mutakura mpaka Musaga, ikishuka bei kila ilipolala. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikumbuka methali hiyo vizuri sana, wiki kadhaa baadaye.

"Ya pili, iyo ya gari ya mizigo, inatosha," fundi akasema. "Inashika muzuri, haikuumize muguu. Iko ya mama wa familia." Akaipitishia kitambaa ile ya shaba. "Iyi sasa, iyi iko ya dereva."

Alijua alichokuwa akifanya, mshenzi yule. Alikuwa na hamu ya kuiona ikifanya kazi, na mimi ndiye nilikuwa na injini ya kuifaa.

"Inateleza?" nikauliza.

"Iyo? Ata ukifunga nyumba nyuma."

"Ina ubaya gani?"

"Pedali iko nguvu. Na inashika mara moja. Haina mazungumuzo."

Hata mimi sina mazungumzo, nikamwambia, na nikailipa.

Asubuhi ya pili yake tuliijaribu, mimi na fundi, kwenye mlima ule ule. Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku ya kipaimara changu. Nilikanyaga, turbo ikapuliza, na gari likaondoka chini ya matako yetu kama tumeitwa. Nilitafuta lori makusudi. Nilipolipata nililipita kwenye kona pana, na vijana wa baiskeli waliokuwa wameshikilia nyuma yake niliwapungia kitambaa cha kichwa, maana sikuwa na kofia. Fundi alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Tukarudi tukiwa marafiki.

Sasa mtu atauliza, huyu mwanamke hakuona dosari yoyote ya klachi ile? Nikueleze tunavyoishi. Mimi nikiondoka mahali naondoka kama nimeiba. Sijui namna nyingine. Nawasha, napandisha injini, naachia. Kwa mwendo huo klachi ya shaba ilikuwa tamu. Mahali pekee ambapo gari la Bujumbura hutembea pole pole ni kwenye foleni ya mafuta, na kwenye foleni ya mafuta hakuna mtu anayewasha injini. Kuwasha ni kunywa kile ulichokuja kukitafuta. Tunashuka, tunasukuma kwa mkono, tunapiga soga, tunasukuma tena. Nililisukuma gari langu nikiwa nimefunga kitenge kiunoni kama kila mtu, na kule kusukuma hakukunifundisha lolote kuhusu klachi. Nilipopata mafuta ya kutosha kupanda mlima na kurudi, nililifunika gari kwa mapazia yaliyokosewa vipimo, likalala uani kwa baba, Mutanga Sud, likingoja harusi.

Siku yenyewe lilipendeza. Lilioshwa hadi ndani ya mdomo wa ekzosi, likafungwa riboni, na mashada ya maua yakawekwa mbele. Mdogo wangu aliingia nyuma na gauni lake likajaa kiti chote, ikawa kama amekaa katikati ya povu. Shangazi akakaa mbele pembeni yangu, kilemba kimesimama. Mimi nilivua viatu virefu nikaviweka chini ya kiti. Mbele ya gari kulikuwa na wanawake wa mtaa wakiimba, na mpiga picha wa video akitembea kinyumenyume ili kutupata usoni. Ng'ambo ya barabara, upande wa bwana harusi walikuwa wamesimama na suti zao, wakingoja magari yetu yajiunge na yao.

Nikaweka gia ya kwanza. Nikaanza kuachia pedali pole pole, kama jongoo.

Gari likaruka mara moja, kwa nguvu, likazima. Mpiga picha naye aliruka. Kilemba cha shangazi kikamshukia machoni.

Watu walitazamana, hawajaamua wacheke au vipi. Kisha bibi mmoja jirani akapiga kigelegele. "Mutoto hataki kuacha kwao!" Na wanawake wote wakapokea.

Nikawasha tena, nikaachia taratibu zaidi. Klachi ikashika mara moja, kama alivyosema fundi, bila mazungumzo. Tukarushwa, tukazima. Sasa vigelegele vilikuwa vimechanganyika na kilio. Mwanamke mmoja alikuwa akifuta macho kwa pindo la kitenge akisema hata gari linamlilia mama yake mtoto huyu.

Shangazi alipandisha kilemba, akasema nami bila kufungua mdomo sana. "Kama unafanya makusudi, ni muzuri. Endelea."

Nikawasha mara ya tatu. Tukazima.

"Sasa inatosha," shangazi akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Angalia bale."

Nikatazama ng'ambo. Wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa wameanza kunong'ona. Binti anayesita ana adabu. Binti anayesita kupita kiasi amekataa ndoa, na hilo nalo lina maneno yake yasiyoisha. Nilijua namna ya kuliondoa gari lile. Nimeliondoa kila siku ya Mungu. Kupandisha injini, kuachia mguu, basi. Lakini mbele yangu kulikuwa na wanawake wanaoimba na mtu mwenye kamera anayetembea kinyumenyume, na nikiruka pale bibi harusi atakuwa amemkimbilia mume mbele ya mtaa mzima, tena juu ya miguu ya watu.

Ndipo nilipoona kuwa mguu wangu hautaki kuachia. Nikataka kuisingizia pedali, kwa kuwa ilikuwa nzito kweli. Haikuwa pedali. Nilikuwa sitaki aende. Nilikuwa nimehangaika na mlima, na gari, na shangazi, miezi mizima, ili nisikae chini hata siku moja nifikirie nyumba itakavyokuwa bila yeye.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya geti. Akainuka, akaja mpaka dirishani kwangu, akainama.

"Kuko mafuta?"

"Kuko, baba."

Hakuniamini. Katika mji huu gari likizima hakuna anayefikiria klachi. Alinitazama kwa huruma, kama mtoto anayeficha sahani aliyoivunja, akanipiga begani. "Toa gia," akasema. Kisha akavua koti lake, akampa jirani, akazunguka nyuma ya gari. Niliwaona kwenye kioo wajomba na binamu wakimfuata, wakikunja mikono ya mashati meupe. Hawakuulizana kitu. Ni kazi wanayoijua, kila mtu na nafasi yake, mmoja kwenye kona ya kulia, mwingine ya kushoto, baba katikati.

"Bananisukuma mu arusi," nikamwambia shangazi. Nilitaka kulia. "Masenge, gari imekwisha. Imeniletea aya."

"Funga mudomo," akasema. "Shika usukani."

Gari likaanza kwenda. Sijawahi kuendesha kitu kilichokwenda vile. Injini ilikuwa imezimwa. Kilichosikika ni magurudumu juu ya changarawe na pumzi za wanaume nyuma. Lilipita katikati ya geti kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni anayempenda. Wanawake waliacha kuimba wimbo waliokuwa nao wakaanza mwingine, wa chini chini, ambao sikuwa nimeusikia tangu msiba wa mama. Hata wale wa ng'ambo walivua kofia. Mpiga picha alisimama tu, akasahau kurudi nyuma, ikabidi avutwe pembeni kwa shati.

Shangazi alikuwa ameketi wima, machozi yanamshuka bila kuyafuta. "Ni vile babu zetu balikuwa banafanya," akasema kwa sauti, dirisha likiwa wazi, ili wasikie. Babu zetu walikuwa hawana hata baiskeli. Alipovuta pumzi, aliongeza chini chini: "Siku ya Mosi usiuze kitu."

Tukafika barabarani, mahali inapoanza kuteremka kidogo. Gari likapata mwendo wake lenyewe. Mikono ya watu ikaachia mmoja mmoja. Kwenye kioo nikamwona baba, amesimama katikati ya barabara na shati lililotoka nje ya suruali, mikono yake bado ameinyoosha mbele, kama gari liko palepale.

"Yaya," mdogo wangu akasema nyuma yangu. Ndivyo anavyoniita, dada mkubwa.

Nikatazama kwenye kioo. Nilitegemea machozi. Alikuwa anacheka, nyuma ya shela, meno yote nje.

"Yaya, barabara iko wazi. Fanya vile unafanyaka."

"Masenge iko hapa," nikasema.

"Masenge, shika mukoba," akasema.

Nikawasha injini. Nikakanyaga pedali ile nzito mpaka chini kwa mguu mtupu, na kabla sijapeleka mkono, ukapita mkono mwingine katikati ya viti, umevaa glavu nyeupe hadi kwenye kiwiko, ukashika gia, ukaiingiza mahali pake. Ukabaki pale, juu ya kirungu cha gia, ukinisubiri.

Niliuacha unisubiri kidogo. Kisha nikaachia mguu.